B si ya betri

Nimepotea wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo sitaandika juu ya programu wala seva. Nataka kukiri kosa, tena mawili.

Petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita hapa Nairobi, Septemba 2023, niliuza gari langu la zamani nikanunua Toyota Aqua iliyotumika Japani. Aqua ni haibridi: ina injini ya petroli na mota ya umeme. Ukiachia mafuta au ukigusa breki, magurudumu huizungusha mota, nayo hugeuka jenereta na kujaza betri. Kitabu cha mwongozo kilikuja kwa Kijapani. Nikakitupa ndani ya dashibodi, kikalala humo.

Kwenye gia, baada ya D, kuna B. Jirani yangu hapa Buruburu, anayeendesha teksi, akaniambia, "Weka B, buda. B ni betri." Nikaamini, kwa sababu ukiweka B na kuachia mafuta unahisi gari limeshikwa. Nikawaza: likishikwa zaidi, umeme unaingia zaidi. Basi kwa miezi miwili nikaendesha kwa B, Barabara ya Rabai, kisha Jogoo, Makadara hadi City Stadium, nikijiona mjanja kuliko matatu zote.

Lakini kila nikijaza tangi huandika kwenye jedwali, na jedwali likanisuta. Kwa D nilikuwa napata kama kilomita 20 kwa lita. Kwa B, 18.

Ndipo nikapiga picha kurasa za kile kitabu na kuzitafsiri kwa simu. B ni ya breki! Katika haibridi za Toyota kama hii, B hufanya injini izungushwe bila kuchoma petroli, na ule uzito wa kuizungusha ndio unaolishika gari. Nishati ambayo ingeingia kwenye betri inaishia kuwa joto na kelele.

Tupige hesabu kidogo. Gari pamoja nami ni kama kilo 1,200. Likienda kilomita 50 kwa saa linabeba nishati ya wati-saa 32, inayotosha kuwasha balbu ya wati 8 kwa saa 4. Matatu ikisimama ghafla mbele yako ukakanyaga breki kwa nguvu, sehemu kubwa ya nishati hiyo huliwa na pedi. Ukiiona mapema na kukanyaga taratibu, mota inavuna. Hata tuta ni hivyo hivyo. Mjini, kinachojaza betri ni macho yako.

Simlaumu jirani. Yeye huendesha Nissan Note e-POWER, aina iliyoanza kuuzwa 2016, ambayo magurudumu yake husukumwa na mota pekee. Humo ukichagua S au ECO, kuachia mafuta huvuna umeme zaidi kweli. Ushauri wake ulikuwa wa gari lingine.

Nikaapa sitagusa B tena. Hilo ndilo kosa la pili.

Desemba nilikuwa nampeleka mama Nakuru. Kutoka Rironi tukashuka Mai Mahiu, mimi na D yangu. Betri ya Aqua hii ni ndogo, haifiki kilowati-saa 1. Kabla ya kufika kile kikanisa kilichojengwa na mateka wa vita Waitaliano, ilikuwa imejaa. Umeme haukuwa tena na pa kwenda, na kazi yote ikaziangukia breki za kawaida, malori mbele, malori nyuma.

"Wewe, ni nini kinanuka hivyo?" mama akauliza.

Zilikuwa pedi. Nikapata mahali pa kuegesha, mikono ikinitetemeka. Mama akashuka, akakaa juu ya jiwe, asiseme neno. Tulingoja hadi breki zikapoa. Kisha nikaweka B, injini ikanguruma, na gari likateremka polepole hadi chini bila mimi kukanyaga breki sana. Kumbe ile hasara ya Jogoo ndiyo kazi yake hapa: kutupa nishati isiyo na pa kukaa.

Kila siku nawaambia watumiaji wa programu zangu wasome maelezo kwanza. Nami nilihitaji kunusishwa pedi zinazoungua, mama akiwa kando yangu, ndipo nisome yangu hadi mwisho. Ikiwa una haibridi, fungua dashibodi leo, utoe kile kitabu. Na mteremko mrefu ukikujia, kumbuka B.

Haya, tuonane tena.