Mapipa Yalipododa

Kabla ya 2020, Flemingsberg ilikuwa kituo cha mwisho cha wiki yangu. Nilikuwa dereva wa msambazaji mdogo wa vinywaji kusini mwa Stockholm, na ingawa ndiko nilikoishi, kwenye maghorofa ya rangi rangi ya Grantorp, ofisini walipahesabu kuwa pa soda tu. Fedha ilikuwa kwenye migahawa ya katikati ya jiji. Huko nilishusha mapipa ya chuma ya lita 30, nikiyateremsha ngazi kwa ngazi hadi stoo ya chini, nikapanda na matupu. Mwenye mgahawa akiwa hana kitu, bosi alimpa mali kauli: chukua, uza, utalipa mwisho wa mwezi.

Machi 2020 ndugu zangu wa Nairobi, waliokuwa wameanza kuishi na kafyu, wakanipigia simu kuniambia nina raha, Sweden haijafunga kitu. Kweli baa hazikufungwa. Ila migahawa iliamriwa kuhudumia waliokaa mezani tu, hakuna kusimama kaunta, na wateja wenyewe wakaogopa. Kabla ya majira ya joto stoo yetu ilijaa kuliko nilivyowahi kuiona, na yote yalikuwa mapipa.

Bia ya pipa haina subira. Tarehe yake imebandikwa juu, miezi michache tu, na likishaunganishwa na bomba zinabaki siku. Aliyejifungia nyumbani anataka kopo. Na hata angekubali pipa, tungemfikiaje? Nchini Sweden, bia inayozidi asilimia 3.5 ya kilevi kwa kawaida humfikia mnywaji wa nyumbani kupitia Systembolaget, maduka ya serikali. Sisi leseni yetu ilikuwa ya kuuzia migahawa. Watu waliendelea kunywa, sisi tukadoda. Mengine tuliyamwaga, na kwa siku kadhaa ua wa stoo ulinuka mkate uliochacha. Novemba serikali ikapiga marufuku kuuza kilevi baada ya saa 4 usiku, na kuanzia mkesha wa Krismasi ikawa saa 2.

Huku Flemingsberg ikapanda cheo. Chuo Kikuu cha Södertörn kilihamishia masomo mtandaoni, kwa hiyo kule wateja walipotea, lakini maduka ya chini ya maghorofa yalimaliza soda kabla sijarudi. Watoto walikuwa nyumbani jioni zote, wageni hawaji, sherehe hakuna, na bado kreti zinakwisha! Mama mmoja wa Tanga, mwenye duka la vyakula vya nyumbani, akawa mteja wa kupigiwa simu na bosi mwenyewe.

Taabu yake ilikuja 2021. Soda za Afrika Mashariki tulizinunua kwa mwagizaji wa Uingereza. Tangu Januari 1 mwaka ule kila shehena kutoka huko ilihitaji karatasi za forodha, na wakati huohuo makontena yalikuwa adimu duniani, nauli ya meli imeruka. Machi ile meli Ever Given ikakwama Suez siku sita. Bosi akaacha kuahidi tarehe. Kilichofika bila wasiwasi ni Supermalt, kwa kuwa hupikwa Denmark na kuja kwa lori. Nikampangia mama rafu nzima ya malta pale ilipokuwa Stoney.

“Mwanangu,” akasema, ameshika chupa kwa vidole viwili, “mimi wateja wangu wanataka tangawizi inayopanda puani. Hii nitawauzia wajawazito.”

Aliwauzia wote, maana hapakuwa na kingine.

Vizuizi viliondolewa Septemba 2021, vikarudi kidogo majira ya baridi, vikaisha Februari 2022. Migahawa ikachangamka tena, ila ikiagiza kwa uoga, mapipa mawili mawili. Bosi naye, aliyezoea kuagiza kadiri anavyouza, alikodi stoo ya pili na kuijaza makopo, akafunga fedha yake humo. Siku hizi naanza wiki na Flemingsberg.

Lakini mali kauli haikurudi. Wapo waliofilisika na ankara zetu mkononi, na bosi hakutaka kusikia tena habari za mwisho wa mwezi. Wenye migahawa wapya, wengi wao wageni kama mimi, hulipa kabla sijafungua mlango wa gari, na wengine huchukua nusu ya walichohitaji kwa sababu ndiyo fedha waliyo nayo. Nusu nyingine narudi nayo stoo.