Jua, Injini na Mwezi: Safari ya Betri kutoka Mkoani hadi Kigomasha

Kisiwa cha Pemba, ambacho kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022 kina wakazi 543,441, hupata umeme wa gridi kutoka Tanzania Bara kupitia waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, waya ambao ulianza kutumika mwaka 2010 kwa msaada wa Norway na kuchukua nafasi ya majenereta ya dizeli ya Wesha, karibu na Chake Chake. Gridi, hata hivyo, hufuata barabara na vijiji, ilhali kazi nyingi za Wapemba hufanyika mahali pasipo na nguzo: baharini usiku, katika makambi ya karafuu wakati wa mavuno, na katika visiwa vidogo vinavyokizunguka kisiwa kikuu. Safari inayosimuliwa hapa, iliyokipita kisiwa kutoka bandari ya Mkoani kusini hadi Ras Kigomasha kaskazini, ilikusudia kuchunguza namna betri za kubebeka zinavyochajiwa katika mazingira hayo. Hoja iliyozidi kujitokeza njiani ni kwamba ukubwa wa betri huamua mambo machache kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa betri ni ghala tu, na ghala lisiloingiza kitu halimfai mwenyewe hata likiwa kubwa namna gani.

Somo la kwanza lilipatikana ndani ya gari ya abiria iliyotoka bandarini Mkoani kuelekea Chake Chake, mwendo wa kilomita zipatazo 30 kwenye barabara inayopanda na kushuka vilima vyenye mikarafuu na minazi. Injini ya gari inapozunguka huizungusha pia alteneta, yaani mashine ndogo inayozalisha umeme wa volti 13.8 hadi 14.4 kwa ajili ya kuirejeshea betri ya gari kile ilichotumia katika kuwasha injini, na ziada yake huweza kuchukuliwa kupitia tundu la chaji lililo kwenye dashibodi. Dereva alimruhusu msafiri kuchomeka pawabenki yake, yaani kikasha cha betri ya lithiamu kinachochaji simu, ambacho kilikuwa kimeandikwa miliampea-saa 10,000. Kipimo hicho husomwa kwa volti 3.7 za betri yenyewe, hivyo akiba yake halisi ni wati-saa 37, ambapo wati-saa moja ni umeme wa wati moja unaotumika kwa saa nzima. Chaja ya gari iliyokuwapo ilitoa wati 10, na kwa kuwa mwendo wa kufika Chake Chake, pamoja na kushusha na kupakia abiria, ulichukua takriban saa moja, kilichoingia hakikuzidi robo ya ujazo wa kikasha. Barabara za Pemba ni fupi, na anayetegemea gari pekee kujaza betri yake atafika mwisho wa njia kabla betri haijafika nusu.

Jambo la pili kuhusu gari linahusu betri yenyewe ya kuwashia injini, ambayo bamba zake za risasi ni nyembamba na zimetengenezwa ili zitoe umeme mwingi kwa sekunde chache, si kidogo kidogo usiku kucha. Betri ya namna hiyo ikishatulia huonyesha volti 12.7 ikiwa imejaa na kama 12.2 ikiwa imebaki nusu, na kila inaposhushwa chini ya nusu maisha yake hupungua. Ndiyo maana dereva alisisitiza kwamba kitu chochote kichomolewe pindi injini inapozimwa. Jingine la kuangaliwa ni joto, kwa sababu betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45 za Selsiasi, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Chake Chake wakati wa adhuhuri huupita mpaka huo bila shida. Pawabenki iliyochajiwa chini ya kiti, kivulini, hudumu zaidi kuliko ile inayowekwa nyuma ya kioo cha mbele.

Chake Chake ndipo zilipo karakana za mafundi wanaofunga sola, na ndipo safari ilipokaa zaidi. Mahitaji ya akiba ya umeme katika visiwa hivi yana historia ya karibuni, kwani Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mmoja mwaka 2008, kisha ikakosa umeme tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 baada ya njia yake ya umeme kutoka Bara kuharibika, wakati Pemba, ikiwa bado haijaungwa na Bara, iliendelea na majenereta yake ya dizeli. Katika karakana moja fundi alikuwa akiunganisha betri ya N70, yaani betri ya volti 12 yenye ampea-saa 70, na paneli ya wati 100, akiwa ameweka katikati yake kidhibiti chaji, kisanduku kidogo kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi na umeme usirudi kwenye paneli usiku. Msafiri alipoushika waya wa paneli ili amsaidie, fundi alimzuia kwa upole: “Betri kwanza, sheikh, jua lije baadaye.” Sababu yake ni kwamba kidhibiti husoma volti za betri ili kijue mfumo uliopo ni wa volti 12 au 24, na kikiletewa paneli kabla ya betri hupokea volti zipatazo 21 ambazo paneli hutoa isipobebeshwa mzigo, hali inayoweza kukifanya kisome vibaya au kiungue. Wakati wa kufungua utaratibu hugeuzwa, paneli ikaondolewa mwanzo na betri mwisho.

Hesabu iliyofanywa hapo kwa chaki juu ya ubao ndiyo iliyoongoza sehemu iliyobaki ya safari. Paneli ya wati 100, ikipata jua zuri linalolingana na saa tano za jua kali, ingetoa wati-saa 500, lakini joto, vumbi, urefu wa nyaya na hasara ya betri yenyewe hupunguza kiasi hicho hadi wati-saa 350 hivi. Betri ya N70 kwa jina ina wati-saa 840, na kwa kuwa ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, zinazotumika ni 420. Paneli moja, basi, huikaribia betri moja katika siku moja yenye jua, na mtu akinunua betri ya pili bila kuongeza paneli hapati umeme zaidi, bali anapata betri mbili zinazokaa na njaa.

Kutoka Chake Chake safari ilielekea Wilaya ya Wete, kwenye kambi ya karafuu upande wa Mtambwe, ambako familia huhamia shambani wakati wa mavuno ili wachumaji wasitumie muda wao kwenda na kurudi. Mchana mashada huchumwa juu ya miti, na jioni huanza kazi ya kuchambua, yaani kutenganisha karafuu na makonyo, kazi inayoendelea hadi usiku na ambayo zamani ilifanywa kwa mwanga wa koroboi. Hapo taa mbili za betri ziliwamulikia watu wote waliokaa mkekani, na simu zote za kambi zilichajiwa kwenye betri hiyo hiyo. Tatizo la kambi lilikuwa kivuli, kwa maana vijiseli vya paneli vimeungwa mfuatano, umeme wa kimoja ukipita katika kinachofuata, kiasi kwamba kivuli cha tawi moja la mkarafuu kinaweza kupunguza umeme wa paneli kwa kiasi kikubwa kuliko eneo kililolifunika. Wachumaji walikuwa wamelitatua kwa kuiweka paneli pembeni mwa uwanja wa kuanikia karafuu, mahali pekee palipofyekwa miti ili jua lifike chini kuanzia asubuhi hadi alasiri. Bibi mmoja aliyesimamia majamvi ndiye aliyesimamia na paneli, akiigeuza kufuata jua kila alipozipindua karafuu, na wingu la mvua za vuli lilipotanda alianua vyote viwili kwa pamoja. Siku ambayo karafuu hazikukauka, betri nayo haikujaa, na usiku wake ilizimwa taa moja.

Kwa kuwa Pemba iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, jua hupita juu kabisa ya kisiwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, huelemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Disemba. Kwa sababu hiyo paneli ya kudumu hulazwa karibu sambamba na ardhi, ikiinamishwa kidogo tu upande wa kaskazini, mwinamo ambao faida yake kubwa ni kuruhusu mvua isukume vumbi na kinyesi cha ndege. Kinachoharibu zaidi ni chumvi ya hewa ya bahari, ambayo huotesha kutu ya kijani kwenye viungo vya shaba na kuuziba umeme polepole, na dawa yake ni kuvisugua viungo na kuvipaka grisi.

Kupitia Konde safari ilifika Tumbe, diko kubwa la wavuvi wa kaskazini, ambako hesabu ya betri hufuata mwezi. Uvuvi wa dagaa wa usiku hutegemea taa zinazowavuta samaki juu, na taa huvuta vizuri katika siku za giza tu. Mbalamwezi inapokuwa kali, bahari yote huwa na mwanga na taa ya chombo haina nguvu tena. Karabai za mafuta zimeanza kupisha taa za LED zinazotumia betri, na taa mbili za wati 20 zikiwaka saa nane hutumia wati-saa 320, kiasi kinachokaribia nusu ya N70 na karibu mapato yote ya paneli ya wati 100 kwa siku moja. Katika siku za giza, kwa hiyo, betri hushushwa kila alfajiri na kurudishwa baharini kila magharibi, bila nafasi ya siku yenye mawingu. Mvuvi mmoja mzee alieleza kwamba wengi huziua betri zao wakati wa mbalamwezi, wala si wakati wa kazi, kwa kuziacha ghalani zikiwa tupu hadi giza lijalo. Maelezo yake yanalingana na kemia ya betri ya risasi, kwani inapokaa bila chaji, chumvi ya risasi iliyotanda juu ya bamba huganda na kuwa ngumu, na chaji inayofuata haiwezi tena kuiyeyusha yote. Betri ya mvuvi hupaswa kujazwa kwanza, kisha ndipo ipumzike.

Njia ya mwisho ilipita ndani ya msitu wa Ngezi, ambamo paneli haina kazi na bodaboda ndiyo chanzo pekee cha chaji, ikatokea Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1900. Tofauti ya vyanzo vyote vilivyoonekana njiani ni ya saa zaidi kuliko ya nguvu: gari hutoa kidogo kwa muda wa safari, jua hutoa kingi kwa saa chache za mchana, na mwezi huamua ni siku zipi mtumiaji hawezi kukosa. Mwenye uwezo wa kununua kitu kimoja tu hufanya vyema akiongeza paneli kabla ya betri, akiiacha injini iwe msaada wa siku za mawingu. Mvuvi wa dagaa pekee ndiye mwenye haki ya kutangulia kununua betri ya pili, ili moja iwe chomboni na nyingine juani, na hata yeye, bila paneli ya kuzitosha zote mbili, atakuwa ameongeza uzito wa chombo tu.