Kampala: tulivyompeleka binti yetu kutazama kazi

Hapa Nakivale mtoto akimaliza S4 majirani wana swali moja tu: sasa atakuwa nani? Binti yetu wa miaka 17 kila siku alijibu "sijui". Sisi wazazi tukawa hatulali, maana pesa tuliyoweka inatosha njia moja tu, S5 au ufundi. Basi tukaona afadhali akazione kazi zenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi Uganda, kwa hiyo tulipanda basi Mbarara na vitambulisho vyetu mfukoni. Lukaya tulinunua gonja ya kuchoma, Kayabwe tukavuka Ikweta, jioni tuko Kampala kwa shemeji.

Asubuhi tulianza Katwe. Wee, kelele! Huku wanakata mabati ya sigiri, kule wanayeyusha aluminiamu kuukuu wapate sufuria, na pembeni kuna mageti na mashine za kusaga mahindi. Wengi wanaijua Katwe kwa filamu ya 2016 ya yule msichana wa chesi, Phiona Mutesi, lakini Waganda wenyewe wakisema Katwe wanamaanisha mafundi. Tulimwomba fundi mmoja atueleze kazi. Akatuambia, "Mzee, mama, nyinyi kaeni pale. Mwacheni aulize yeye." Tulikaa. Binti akauliza kujifunza kunachukua muda gani, nani analipia macho yakiumia, na kama wasichana wapo. Fundi akamwonyesha mmoja aliyekuwa anachomelea dirisha. Wawili hao waliongea karibu saa nzima, sisi jua linatuchoma tu.

Kutoka pale tulipanda kilima cha Namirembe hadi Hospitali ya Mengo, aliyoianzisha Daktari Albert Cook mwaka 1897. Mkewe, Katharine, alikuwa muuguzi na ndiye aliyeshughulikia mafunzo ya wakunga. Mwanafunzi wa uuguzi tuliyemkuta nje alisema bila kuzunguka: wanaangalia kwanza biolojia na kemia, halafu zamu za usiku ni nyingi. Binti aliandika yote kwenye daftari.

Makerere tulipita haraka. Shemeji alitaka tupige picha mbele ya lile jengo kuu lililoungua 2020 na kujengwa upya. Sisi kilichotugusa ni kwamba mwaka 1922 pale palianza kama shule ya ufundi, wanafunzi 14 wakisomea useremala, ujenzi na umakanika. Hata Mwalimu Nyerere alipita pale kusomea ualimu. Wazazi wanaosema ufundi ni wa walioshindwa, wasikie hilo. Na wenye vyeti vya sekondari vya Kongo au Burundi, kusawazishiwa ni UNEB, anzeni mapema.

Usiku tulimuuliza, haya, umeamua? Akasema, "Baba, nimejua nisichotaka: kukaa ofisini." Shemeji alicheka, sisi tulishukuru, maana hilo ni jibu.

Tumekubaliana hivi. Wiki mbili atakaa kwa fundi wa kuchomelea hapa Base Camp, akishika kazi mwenyewe, na wiki mbili tutamwombea nafasi ya kusaidia zahanati. Matokeo yakitoka tutaona kemia imesemaje. Pesa bado iko sandukuni, na ufunguo anao mama yake.