Bati za jiko au msumeno mpya?

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mafundi seremala wa jiji hili wamekuwa na kazi nyingi za milango, madirisha na makabati. Zuzu nayo ni sehemu ya jiji hilo linalokua. Lakini kazi nyingi si lazima zilete fedha nyingi nyumbani, hasa fundi anapotumia msumeno butu.

Familia moja ya Zuzu ililijua hilo wiki chache kabla ya mvua za Desemba. Baba ni seremala, mama anatunza daftari la mapato. Fedha za milango minne zilikuwa zimelipwa. Mama alitaka bati za kuezeka jiko lililovuja msimu uliopita. Baba alitaka msumeno mpya wa mashine ya kupasulia mbao.

"Baba watoto, msumeno si upo? Mbona kila siku unakata?"

"Unakata kwa sababu nasukuma kwa nguvu, mama watoto."

Hatari iko hapo. Msumeno mkali hupita kwenye mbao bila kulazimishwa. Butu humfanya fundi aegemeze mwili. Mbao ikiachia ghafla, mkono huenda moja kwa moja kwenye meno. Vilevile butu huunguza mbao na kuchosha mota.

Msumeno wa chuma cha kawaida hauchelewi kuisha makali kwenye mbao ngumu kama mninga na mkongo. Wenye meno ya karbaidi hudumu muda mrefu zaidi, ila ni ghali, na meno yake hukatika yakigonga msumari. Mbao zilizowahi kutumika zikaguliwe kwanza.

Mama alifungua daftari, akajumlisha nauli ya kupeleka msumeno mjini, malipo ya kunoa na siku ambazo mashine ililala. Akacheka kidogo. "Kumbe bati zangu tumekuwa tukizinoa huko mjini!"

Walikubaliana msumeno utangulie na jiko lifunikwe turubai kwa muda. Mama akatoa sharti: miwani na barakoa vinunuliwe siku hiyohiyo, na kinga ya msumeno iliyofunguliwa zamani irudishwe.

Familia nyingine inayofikiria kununua ina mambo matatu ya kuangalia. Tundu la katikati la msumeno lilingane na shafti ya mashine. Kasi iliyoandikwa juu yake, yaani mizunguko kwa dakika, isiwe chini ya kasi ya mashine. Na meno yalingane na kazi: machache, kama 24, kwa kupasua mbao kwa urefu, 60 au zaidi kwa kukata kwa upana na kupata ukingo safi.

Jiwe la kunolea nalo lina uchaguzi wake. Visu vya randa vya chuma kigumu hunolewa vizuri kwa jiwe jeupe, taratibu, bila kukandamiza. Ncha ikigeuka rangi ya bluu, imeungua na makali hayatakaa. Karbaidi huhitaji jiwe la almasi, au la kijani. Jiwe la kijivu la kawaida haliiwezi. Jiwe la kawaida au la kijani likaguliwe nyufa kabla ya kufungwa, kisha ligongwe polepole kwa mpini wa bisibisi. Likilia kwa sauti safi, ni zima. Likitoa sauti nzito isiyolia, lisifungwe, maana jiwe lenye ufa linaweza kupasuka likiwa kwenye kasi. Hata lililo zima, fundi asimame pembeni kwa dakika ya kwanza.

Kunoa karbaidi hutoa vumbi lenye kobalti, ambalo linadhuru mapafu. Vumbi la mbao nalo si la kudharau: mwaka 1995 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ililiweka miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Kwa hiyo barakoa ivaliwe wakati wa kukata na wa kunoa, na watoto wasicheze kwenye maranda. Baba akung'ute au abadili nguo za kazi kabla ya kuingia ndani na kumpakata mtoto.

Chembe ya chuma ikiingia jichoni, isitolewe kwa kijiti cha kiberiti wala pindo la kanga, na jicho lisifikichwe. Lifunikwe bila kukandamizwa, na fundi apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama maumivu yamepungua.