Niliyojifunza Katika Uanagenzi wa Kuunda Programu

Nilipoingia katika uanagenzi wa kuunda programu jijini Dar es Salaam, baada ya kuzisoma lugha za kompyuta chuoni na kufaulu mitihani yake, nilikuwa na itikadi thabiti ya kuwa fundi wa kazi hii hupimwa kwa wingi wa msimbo anaouandika na kwa wepesi wa kuuandika. Itikadi hiyo iligeuka kidogo kidogo, kwa kadiri nilivyokaa na walionitangulia nikaona namna walivyofanya kazi zao.

La kwanza nililofunzwa lilikuwa kusoma. Msimamizi wangu, mama wa maneno machache, alinikabidhi programu iliyoandikwa na watu waliokwisha kuondoka, akanitaka niifuate taarifa moja tangu inapojazwa na karani hadi inapohifadhiwa. "Mwanangu," akasema, "usibomoe ukuta kabla hujajua unabeba nini." Hapo nikatambua thamani ya Git, chombo kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, ambacho huhifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe yake na maelezo yake, kwani maelezo hayo, yakiandikwa kwa insafu, humjulisha mgeni nia ya mtu ambaye hakuwahi kuonana naye.

La pili lilikuwa kuuliza. Katika programu hiyo tulitaka kumtambua kila mteja kwa namba yake ya simu, jambo lililoonekana jepesi, ilhali namba ileile huandikwa na mmoja kwa kuanzia 0 na mwingine kwa kuanzia 255, hata mtu mmoja akahesabiwa kuwa wawili. Hilo tuliweza kulirekebisha kwa msimbo, tukaandika na majaribio ya kulithibitisha kila programu inapobadilishwa. Lakini karani wa dirishani, tulipomwendea, alitufahamisha jambo zito zaidi: kwamba aghalabu mama, watoto wake na bibi yao hutumia simu moja, basi namba hiyo, hata ikiandikwa sawasawa, haitoshi kumtambulisha mtu. Maarifa hayo hayakuwamo katika kitabu chochote nilichosoma chuoni. Yalikuwa kwake yeye anayewahudumia watu kila siku.

La tatu lilikuwa kuridhia kazi yangu isomwe na mwenzangu kabla haijaunganishwa na ya wote, na nami nisome ya kwake, kwa adabu na kwa ukweli, maana kila swali lililoulizwa katika usomaji huo liliinufaisha programu na kutuelimisha sote wawili.

Nawe kijana unayeingia katika taaluma hii leo, soma kabla ya kuandika, uliza kabla ya kudhani, na ueleze sababu ya kila badiliko unalolifanya. Programu njema hudumu kuliko ajira ya aliyeiunda, na atakayeirithi anastahiki kuielewa.