Tetemeko Lilivyofika Sinza

Kwa miaka mingi tetemeko lilikuwa habari ya huko Kagera. Bukoba ilipopigwa Septemba 10, 2016, kwa kipimo cha 5.9, watu zaidi ya 15 wakafa. Sisi wa Sinza, Dar es Salaam, tulichanga nguo na hela, tukawapa pole jirani zetu Wahaya, yakaisha. Dar ina mafuriko na foleni. Ardhi yake tuliiamini.

Jumatano, Agosti 12, 2020, saa mbili na dakika 13 usiku, nilikuwa ghorofa ya tatu, nyuma ya barabara ya Shekilango, taarifa ya habari inaendelea. Maji kwenye jagi yakaanza kucheza. Nikajua lori la kokoto hilo, maana mtaani kwetu ujenzi hauishi. Kisha mlango wa kabati ukafunguka wenyewe, na juu yetu mtu akapiga kelele, "Tokeni nje!" Ngazi zikajaa watu wa kanga na taulo. Pale chini muuza chipsi alikuwa anageuza mayai yake, akitushangaa. Hakusikia kitu.

Nikampigia mama, anayeishi Kwa Remmy, hapa hapa Sinza.

"Shikamoo mama, mko salama?"

"Marahaba. Salama ya nini tena?"

Kitovu kilikuwa mbali, baharini, kusini-mashariki mwa jiji, kipimo 6.0, na mtikisiko ulifika hadi Nairobi. Mtikisiko uliotoka mbali huja taratibu, na jengo refu huuitikia zaidi kuliko fupi. Mama anaishi kwenye nyumba ya chini, ya bati, katika viwanja vilivyopimwa kwa mradi wa miaka ya 1970. Zamani Sinza yote ilikuwa hivyo. Sasa nyumba yake imezingirwa na maghorofa, chini fremu za maduka, juu wapangaji kama mimi. Mengine nimeyaona yakipanda kwa awamu, mwenye nyumba akipata hela anaongeza sakafu. Sijui nani aliuuliza msingi.

Wiki ile maskani yote ilizungumzia nguzo na nondo, hata madalali waliulizwa. Baada ya mwezi tukarudi kwenye bei ya kodi na maji ya DAWASA. Novemba 16, 2024, ghorofa likaanguka Kariakoo na kuua watu, bila tetemeko lolote.

Basi wewe unayetafuta chumba cha juu Sinza, kabla hujalipa kodi ya miezi sita, mwulize mwenye nyumba msingi ulijengwa kubeba ghorofa ngapi. Akikasirika, tafuta kwingine.