Kabla Hamjalipa Kodi

Morogoro

Kwako mpwa wangu,

Mama yako amenieleza kwamba mwaka huu hukupata kitanda hosteli, na kwamba wewe na wenzako watatu mnazunguka mitaa ya Changanyikeni na Msewe mkiwa na dalali, mmeshaiona nyumba ya vyumba viwili mnayoipenda. Nyumba sina neno nayo. Nataka tuzungumze kuhusu hao watatu, maana mimi napangisha vijana wa chuo hapa kwangu na magomvi yenu nayajua kwa upande wa mwenye nyumba.

Ugomvi unaonifikia mlangoni si wa dini wala kabila. Ni wa umeme wa LUKU. Mita moja, vyumba viwili, na mmoja ana jiko la umeme. Wewe unasoma uhandisi, hebu piga hesabu: jiko la wati 1,000 likiwaka mfululizo saa mbili kuivisha maharage limeshakula yuniti mbili. Taa ya wati 10, ukiisomea saa tano kila usiku, kwa yuniti hizohizo unafika siku 40. Halafu mwenye maharage na mwenye taa wanaambiwa wachange sawasawa! Kwa hiyo usimuulize mtu kama ana tabia nzuri, kila mtu atakuambia anayo. Muulize anapikia nini, na kama ana hita ya maji au friji. Mtungi wa gesi wa kuchangia ungewaepusha na maneno mengi.

Zito kuliko umeme ni kujua fedha ya kila mmoja inaingia lini. Bodi ya Mikopo haiwapi wote sawa. Kati yenu wanne yupo mwenye mkopo unaotosha, yupo aliyepata asilimia kidogo, na yupo anayesubiri baba yake avune mahindi ayauze. Wote wanaweza kuwa waaminifu, lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye anadai chake juu. Bumu la Bodi likichelewa, nani atatoa? Mkae chini, kila mmoja aseme fedha yake inatoka wapi na huingia mwezi gani. Anayeona haya kulisema hilo leo, kesho utamlipia wewe huku ukiambiwa una roho ndogo.

Tena itazameni kalenda. Mkilipa Novemba, miezi sita inaisha Aprili. Mkilipa tena, inakwenda hadi Oktoba, na humo ndani mna likizo ndefu na mafunzo ya fildi. Wewe unaweza kupangiwa Mwanza, mwenzako Mtwara, nyumba imefungwa na kodi inahesabika. Hapo ndipo mtu husema, "Mimi sikuwepo." Kutokuwepo hakupunguzi kodi. Kubalianeni sasa, kila mtu akiwa bado anacheka.

Utaniuliza: mtu nitamjuaje kabla sijakaa naye? Mbona umeshakaa nao mwaka mzima katika kazi za kikundi. Kumbuka nani alileta sehemu yake mapema, nani alituma usiku wa manane kurasa alizonakili mahali, na nani kila siku ya kuchapisha simu yake ilikuwa imezima mpaka wengine wakachanga. Fedha ya kuchapisha ni ndogo sana, ndiyo maana inamwonyesha mtu vizuri: anayekwepa mia tano atakwepa na kodi. Kijana anayekuchekesha kantini ni rafiki wa kantini. Mwache hukohuko, muendelee kupendana.

Na huyo mtoto wa jirani yenu ambaye mama yako anataka ukae naye kwa kuwa "ni wa kwetu", mimi sikubaliani na dada yangu. Wa kwetu ukigombana naye juu ya sufuria isiyooshwa, baada ya wiki wazee wawili hawasalimiani. Kama mwenyewe umemwona anafaa, sawa. Kwa sababu ya mtaa tu, hapana. Mama yako nitaongea naye mimi.

Mambo ya kulala na kukesha mtayapanga kwa urahisi, hasa kwa kuwa vyumba ni viwili. Wanaojisomea usiku wakae pamoja. Kama yupo anayefunga Ramadhani, mjue ataamka kabla ya alfajiri kwa daku, na sufuria zitagongana kidogo. Hilo si kosa, ni la kulijua mapema tu. Kosa ni mgeni. Kila nyumba ya vijana hupata mgeni wa siku mbili anayemaliza mwezi, anaoga maji ya ndoo aliyochota mwingine, na aliyemleta anaona mkimwuliza mmemdharau. Wekeni siku za mgeni kulala kabla hamjahamia, bila kumtaja mtu. Hasa kabla ya mmoja wenu kupata mchumba.

Mwisho ni mkataba. Vijana huacha mmoja mwenye mwandiko mzuri asaini kwa niaba ya wote. Mimi nikiwa mwenye nyumba, namjua aliyesaini. Wengine wakiondoka katikati, yeye ndiye ninayemdai, na wala simwonei. Kwa hiyo yaandikwe majina manne na saini nne, na risiti ionyeshe kila mmoja ametoa kiasi gani.

Mkishasaini, upige picha ukurasa huo unitumie. Nikiona majina yote, sehemu yako ya kodi naituma siku hiyohiyo. Nikiona jina lako peke yake, situmi hata senti.

Mjomba wako.